Kliniki ya Wikiendi na Farasi Wako Dar: Tangu Wiki Tatu Kabla Hadi Jumanne Inayofuata

Nilipomwambia mama mkwe kwamba Jumamosi nampeleka Zabibu kliniki, alinipa pole na kuuliza farasi anaumwa nini. Kwa watu wa farasi, kliniki haina sindano wala foleni ya kadi. Ni mafunzo ya siku mbili. Mkufunzi anakuja, mara nyingi kutoka nje ya mji au nje ya nchi, wapandaji wanakutana kwenye banda moja, kila mtu na farasi wake, na mnafundishwa kwa makundi ya watatu hadi sita au mmoja mmoja. Kipindi cha kundi huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, cha mtu mmoja dakika 45 hivi. Muda uliobaki unakaa kivulini ukiwatazama wenzako wakikosolewa, na usishangae ukijifunza zaidi hapo kuliko ukiwa juu ya tandiko.

Miongozo mingi ya mambo haya imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako tatizo la usiku ni blanketi gani afunikwe farasi. Sisi tuna joto, mchanga, usubi (vile vijidudu vidogo vinavyong'ata) na Barabara ya Mandela. Tena miongozo hiyo humsahau mtu mmoja: saisi, yaani mtunza farasi. Kama wewe ni mtu wa ofisi unayepanda jioni na wikiendi, saisi ndiye anayeishi na farasi wako. Anajua anakula kwa mwendo gani, anapenda kulalia ubavu upi, na lini kinyesi chake kimebadilika. Mimi naihesabu kliniki kuwa na wanafunzi watatu kwa kila nafasi moja niliyolipia: mimi, farasi na saisi. Nilimwacha nyumbani mara ya kwanza ili kuokoa posho, na nitaeleza gharama yake ilikuwa nini.

Chagua mwezi kabla hujachagua mkufunzi

Miezi mizuri Dar ni Juni hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma, asubuhi zikiwa na ubaridi kidogo na uwanja umekauka baada ya masika. Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na unyevu wa hewa haushuki, kwa hiyo jasho halikauki mwilini na farasi hapoi. Farasi mwenye kazi nzito kwenye hali ya namna hiyo anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 za jasho kwa saa. Masika yenyewe, Machi hadi Mei, yana ubaya mwingine: baada ya mvua usubi huongezeka, na usubi ndio unaosambaza homa ya farasi ya Afrika. Ugonjwa huo hautoki farasi hadi farasi kwa kugusana, lakini aina yake inayoshambulia mapafu huua karibu kila farasi inayemshika.

Ukishapata tangazo la kliniki, swali la kwanza kwa mwandaaji lisiwe bei. Liwe ratiba. Vipindi vya kupanda vinatakiwa kuanza saa 1 asubuhi na kukatika kabla ya saa 4, kisha virudi saa 10 jioni na kwisha saa 11 na nusu. Katikati ya mchana ni darasa la kivulini. Ukikuta ratiba ina kundi la kuruka viunzi saa 7 mchana, omba ubadilishiwe au bakia kuwa msikilizaji tu. Kliniki nyingi zinakubali wasikilizaji kwa ada ndogo. Wengine watakwambia anzeni alfajiri kabisa, saa 11 na nusu, kukwepa jua. Hapo ndipo usubi unapong'ata zaidi, yaani machweo hadi mapambazuko. Dar unachagua kati ya jua na usubi, na hilo pengo la saa 1 hadi saa 4 ndilo tulilopewa.

Maswali mengine ya kumaliza kabla ya kutuma pesa: banda la wageni lina paa na hewa? Maji ni ya bomba au ya kisima? Sakafu ya uwanja ni mchanga wa kina gani? Kuna daktari wa mifugo anayejua farasi atakayekuwepo au atakayepatikana kwa simu? Farasi akiugua siku mbili kabla, ada inarudi au imekwenda? Jibu la hilo la mwisho lipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Na fomu ya kukubali hatari isome yote kabla ya kusaini, hasa sehemu inayosema nani analipa farasi wako akimpiga teke farasi wa mwenzako.

Wiki tatu za maandalizi

Anza na daktari. Chanjo zote zihakikiwe, hasa homa ya farasi, pepopunda na kichaa cha mbwa, lakini usichome chanjo yoyote wiki ya safari. Chanjo ya homa ya farasi inayotumika sana Afrika ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na farasi anahitaji kupumzishwa baada yake, si kupelekwa kuruka. Kama imekaribia tarehe, panga chanjo au kliniki, si vyote viwili.

Kibali nacho. Kinondoni na Kigamboni ni mji mmoja kwako, lakini ni wilaya mbili. Pita kwa ofisa mifugo wa manispaa ukiwa na kadi ya chanjo, uulizie kibali cha kusafirisha mifugo. Usisubiri Ijumaa.

Kwato zikatwe au viatu vibadilishwe siku 7 hadi 10 kabla. Fundi wa kwato Dar ni wa kuhesabika, kwa hiyo mpigie simu siku ileile uliyolipa ada. Kupiga viatu siku moja kabla ni kamari: msumari ukikaa karibu na nyama, utaugundua Jumamosi mbele ya watu.

Kuhusu mazoezi, usijaribu kumjenga farasi ndani ya wiki tatu. Unachoweza ni kumpima. Mfanyishe kazi kama atakayofanya kliniki: dakika 15 za kutembea, dakika 20 za matiti na kanta kwa vipande, mapumziko kati yake. (Matiti ni mwendo wa mbio za polepole. Kanta hapa ni ule mwendo wa mapigo matatu ulio kati ya matiti na shoti, yaani mbio kali, si gari la kubebea mchanga.) Ukishuka, subiri dakika 10, kisha pima mapigo ya moyo nyuma ya kiwiko cha mguu wake wa mbele wa kushoto. Yakiwa chini ya 64 kwa dakika, yuko tayari. Yakiwa juu, punguza matarajio, jiandikishe kundi la chini. Akiwa amepumzika kabisa, mapigo yake ya kawaida ni 28 hadi 44, pumzi 8 hadi 16, joto la mwili nyuzi 37.5 hadi 38.5. Andika namba zake mwenyewe kwa siku tano, asubuhi na jioni, maana kila farasi ana zake.

Angalia pia kama anatoa jasho. Kwenye miji ya joto na unyevunyevu kama huu wetu, baadhi ya farasi huacha kabisa kutoa jasho, zaidi wale waliokuja kutoka nyanda za baridi. Kama Zabibu wako ni farasi wa mbio aliyestaafu kutoka Ngong kule Nairobi, mchunguze kwa makini mwaka wake wa kwanza hapa pwani. Dalili ni ngozi kavu baada ya kazi, huku anahema haraka kuliko mapigo ya moyo wake. Huyo usimpeleke kliniki. Mpeleke kivulini na umwite daktari.

Mwisho, tafuta swali. Moja tu. Watu huenda na orodha, mkufunzi anagusa kila kitu, na Jumapili jioni hukumbuki hata kimoja. Langu, kwenye kliniki moja niliyokwenda na saisi, lilikuwa: kwa nini Zabibu akizunguka upande wa kushoto anaangukia ndani ya duara? Nililiandika ukurasa wa kwanza wa daftari, na nilikuwa na hakika kosa ni lake.

Kupanda gari: zoezi ambalo watu hawalifanyi

Trela za farasi Dar ni chache, na wengi wetu tunakodi Fuso au Canter yenye mbao ndefu pembeni. Inafaa, kwa masharti. Sakafu iwe na mpira wa kuzuia utelezi au mchanga mbichi wa nusu shubiri. Misumari na pembe za vyuma zifunikwe. Juu kuwe na turubai la kuzuia jua, ila pembeni hewa ipite. Nafasi ya kichwa iwe ya kutosha hata akishtuka. Na kuwe na mlango ambao saisi anaweza kutokea bila kupita nyuma ya farasi.

Kupandisha si siku ya safari. Omba gari mara mbili au tatu katika wiki mbili za mwisho, au mlipe dereva saa moja moja akiwa hana kazi. Lirudishe kinyumenyume kwenye tuta la udongo lililofikia sawa na sakafu, kwa sababu farasi anapenda kutembea kwenye usawa kuliko kupanda ubao unaodunda. Siku ya kwanza, kazi ni miguu miwili ya mbele ndani, kisha kurudi nyuma taratibu, kisha kusifiwa. Usimfungie ndani siku hiyo hata kama ameingia mwenyewe. Siku ya pili aingie mzima, ale kidogo, atoke. Siku ya tatu funga nyuma, washa injini, zungusha gari mtaani dakika tano, rudi. Na mojawapo ya siku hizo ifanyike jioni, baada ya kazi, farasi akiwa amechoka na kiza kinaingia.

Hiyo ya jioni naisisitiza kwa sababu ndiyo niliyoiruka. Kwenye kliniki yangu ya kwanza Zabibu alipanda gari Ijumaa kama mwali anayekwenda kuozwa. Jumapili jioni akagoma. Hapakuwa na tuta, ubao ulikuwa mwembamba, dereva alikuwa na kazi nyingine Mbagala na anapiga honi kila dakika tatu. Watu kumi na tano wakanizunguka, kila mmoja ana dawa: mvute, mchape, mfunike macho, mpitishie kamba nyuma ya mapaja. Tulijaribu zote. Kamba ilinichuna viganja vyote viwili. Saa 1 na nusu usiku, usubi umejaa, nikampigia saisi ambaye nilimwacha nyumbani. Alikuja kwa bodaboda, akawaomba watu wote wasogee, hata mimi, akakaa juu ya ubao na ndoo ya pumba kama mtu anayesubiri basi. Dakika ishirini. Zabibu akapanda. Posho niliyookoa ilikuwa ndogo kuliko alichodai dereva kwa kucheleweshwa.

Mizigo

Vifaa vya farasi unavijua: tandiko na kitambaa chake, mkanda wa tumbo, hatamu, lijamu (chuma cha mdomoni) aliyoizoea, vikuku vya kukanyagia, kamba mbili za kuongozea. Usinunue lijamu mpya kwa ajili ya kliniki. Kagua mishono ya vikuku na mkanda, maana unyevu wa pwani hulisha ukungu kwenye ngozi na uzi huoza bila kelele.

Chakula na maji ndivyo vinavyohitaji akili. Farasi wa kilo 450 anakula kilo 7 hadi 9 za majani makavu kwa siku; beba yako ya siku tatu, maana kubadilisha chakula ghafla kunaleta msokoto wa tumbo. Pumba zinuse kabla ya kufunga gunia. Pumba za mahindi zilizoota ukungu ni hatari kwa farasi kuliko kwa ng'ombe: sumukuvu inaharibu ini, na kuna sumu nyingine ya ukungu wa mahindi inayoozesha ubongo wa farasi na haina tiba. Kama una shaka, mwaga.

Maji: visima vingi vya pwani vina chumvi, na farasi akionja maji mageni anaweza kugoma kunywa siku nzima. Anahitaji lita 25 hadi 50 kwa siku, zaidi kwenye joto. Beba madumu manne hadi sita ya lita 20 kutoka nyumbani, uwe unachanganya kidogo kidogo na maji ya pale. Ndoo iwe yake peke yake. Usimkopeshe mtu ndoo, usikope. Magonjwa ya koo na mafua ya farasi yanasafiri kwa ndoo.

Wavu wa majani una sababu mbili. Unazuia upotevu, na unamwinua mdomo kutoka kwenye mchanga. Kigamboni, Mbweni, Kunduchi, kote huko farasi anayekula chini anameza mchanga kila siku, unatuama tumboni. Ukitaka kujua, chukua mipira sita ya kinyesi kutoka juu ya lundo, iweke kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ongeza maji, tikisa, ning'iniza robo saa. Mchanga unashuka chini, utauona. Ukiwa mwingi, zungumza na daktari kabla ya safari. Wavu uning'inizwe juu kiasi cha kwato kutofika.

Kwenye begi la dawa weka kipimajoto kilichofungwa uzi na kibanio (kipimajoto cha farasi kinaingizwa nyuma, na kisipofungwa kinaweza kupotelea huko), bendeji, pamba, maji ya chumvi ya kuoshea vidonda, dawa ya kufukuza wadudu, mkasi. Chumvi ya kawaida, vijiko viwili vya chakula kwa siku kwenye pumba. Na kanga kuukuu mbili au tatu. Zitakuja kukufaa.

Wewe mwenyewe: kofia ngumu ya kupandia farasi, iliyokaa sawasawa na haijawahi kuanguka vibaya. Helmeti ya bodaboda si mbadala wake, imetengenezwa kwa ajali nyingine. Buti zenye kisigino kifupi, si raba, maana raba hupenya kwenye kikuku na mguu unanasa. Kwa wanaovaa hijabu, mtandio mwembamba wa kunyooka bila pini unakaa vizuri chini ya kofia. Pini ndiyo ya kuogopa ukianguka.

Njiani

Kama unatoka Mbweni au Tegeta kwenda Kigamboni, ondoka Ijumaa saa 11 alfajiri ukitumia Bagamoyo Road, Sam Nujoma, Ubungo, kisha Mandela hadi Kurasini na Daraja la Nyerere. Ukichelewa hadi saa 2 asubuhi, malori ya bandarini yatakupokea Buguruni na farasi atasimama juani bila upepo. Usifikirie kivuko cha Magogoni. Ubao wa chuma, honi, watu mia kadhaa wakishuka kwa pamoja na wauza karanga: hata farasi mpole ana kikomo. Ushuru wa daraja uuandae mapema.

Dereva mweleze kabla hajawasha. Afunge breki mapema na polepole, kona aingie kama amebeba mayai, matuta ayapande kwa mwendo wa kutambaa. Mimi humwomba dereva mgeni asimame nyuma ya gari bila kushika kitu huku utingo akiendesha mita mia. Hahitaji maelezo mengine. Honi asipige akiwa karibu na farasi.

Kamba ya kufungia farasi isifungwe moja kwa moja kwenye chuma. Weka kwanza kitanzi cha uzi wa mkonge, kamba ifungwe hapo kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Akianguka au akipaniki, mkonge unakatika kabla ya shingo. Kila baada ya saa moja simama kivulini, mpe maji. Na popote mtakaposimama, watoto watakuja mbio wakipiga kelele "farasi!" Waruhusu watazame kwa mbali, mtume utingo azungumze nao, anajua lugha yao.

Jumamosi

Ukifika mapema, mtembeze kwa mkono kuzunguka uwanja pande zote mbili, mwonyeshe kila turubai linalopepea na kila kiti cha plastiki. Halafu mwache ale.

Siku ya kwanza mkufunzi hutumia robo saa ya mwanzo kutazama vifaa. Usione aibu akirefusha vikuku vyako au akisema tandiko limekaa mbele mno. Ndiyo kazi uliyomlipia. Mweleze farasi wako kwa ukweli: umri, aliumia wapi, anaogopa nini, mara ya mwisho kuruka ilikuwa lini. Watu huongeza chumvi hapa, wanaishia kwenye kundi lisilo lao. Kisha mpe swali lako.

Kuna tabia yetu moja ya kuacha getini. Mkufunzi akieleza, sisi tunajibu "sawa, sawa," kwa heshima tu, hata kama hatujaelewa. Yeye anachukua kwamba umeelewa, anaendelea. Mafunzo mara nyingi yanakuwa kwa Kiingereza na yana maneno ya uwanjani ambayo hata mwenye Kiingereza kizuri hayajui. Simamisha farasi, sema hujaelewa, omba akuonyeshe kwa mkono. Na saisi akae mahali anaposikia, na mtu mmoja amtafsirie. Mimi humpa daftari langu na simu ya kurekodia, baada ya kumwomba mkufunzi ruhusa.

Uwanjani mpishane kushoto kwa kushoto, na mwache angalau urefu wa farasi mmoja kati yako na wa mbele. Farasi mwenye utepe mwekundu mkiani anapiga teke. Kama wako ana tabia hiyo, mfunge utepe mwenyewe, usisubiri kuulizwa.

Zoezi utakalokutana nalo karibu kila mahali ni miti iliyolazwa chini. Kwa matiti, nafasi kati ya mti na mti ni mita 1.3 hivi, kwa kanta ni kati ya mita 2.7 na 3. Kwenye viunzi, hatua moja ya kanta inahesabiwa mita 3.6, yaani hatua nne za mtu anayetembea kwa hatua ya sentimita 90. Jifunze kuipiga hatua hiyo bila kufikiri, pima kwa futi kamba ya fundi ukutani kwako. Kwenye mchanga mzito farasi hufupisha hatua, kwa hiyo usione haya kumwomba mkufunzi asogeze miti sentimita kumi ndani. Mchanga mzito pia unachosha kano za miguu, nawe hutaona hadi kesho yake.

Kuhusu swali langu la duara: mkufunzi alimtazama Zabibu mizunguko miwili, akanisimamisha, akaniuliza kama nimewahi kuvunjika mguu wa kushoto. Hapana. Basi mbona kisigino cha kushoto kinapanda kila tukigeuka, na goti linambana farasi? Zabibu alikuwa anaanguka ndani kwa sababu nilikuwa namwambia aanguke. Saisi, pale pembeni, alicheka. Alikuwa amenieleza jambo hilohilo tangu Januari, kwa maneno machache zaidi na bila ada.

Kumpoza

Ukishuka, legeza mkanda, vua tandiko, ingia kivulini, na mmwagie maji mwili mzima, bila kukoma. Shingo, kifua, tumbo, ndani ya mapaja. Zile imani kwamba maji baridi yanamkaza misuli, au kwamba farasi mwenye joto asinywe, ziache. Maji ya barafu hayamdhuru, na anywe kadiri anavyotaka. Nunua barafu za vifuko asubuhi, weka kwenye pipa. Maji yakiwa machache, chovya kanga, mfunike, lakini iondoe na kuichovya upya kila dakika moja, maana kanga iliyopata joto inageuka kuwa blanketi.

Pima joto. Likipita nyuzi 40, endelea kumwagia na umwite daktari. Likishuka hadi 39, mtembeze taratibu. Bonyeza ufizi kwa kidole: weupe urudi kuwa waridi ndani ya sekunde 2. Finya ngozi ya bega, irudi mara moja. Pumzi zikizidi mapigo ya moyo, kipindi cha jioni kimefutwa, haidhuru umelipa kiasi gani.

Kufika saa 12 jioni awe ndani ya banda, dawa ya wadudu imepakwa, wavu wenye vitundu vidogo sana umetandazwa dirishani. Usubi ni mdogo na hauna nguvu ya kuruka, hivyo feni ya kawaida inayompulizia inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Waya wake uwe mbali na meno. Kagua kupe masikioni, chini ya mkia na kwenye manyoya ya shingo. Uchovu wa safari unaweza kuamsha ugonjwa wa kupe uliokuwa umelala mwilini.

Jumapili na kurudi

Asubuhi, kabla ya chakula chako, pitisha mikono kwenye miguu yake minne ukitafuta joto na uvimbe. Kisha saisi amkimbize matiti kwenye ardhi ngumu, wewe utazame. Kichwa kikiinuka kila mguu fulani wa mbele unapotua, mguu huo unauma. Siku ya pili farasi amechoka hata kama haonyeshi, na wewe pia mapaja yamekaza. Omba kipindi kifupi, au ruka vichache. Mwaka jana nilimwona mtu akikataa kushuka kwa sababu alilipia viunzi vya sentimita 90 na alikuwa ameruka 80 tu. Farasi wake aliondoka akichechemea.

Usipandishe gari farasi anayehema. Msubiri, anywe, akojoe kama atakojoa. Kama foleni ya Kurasini imeshajaa, lala pale, uondoke Jumatatu alfajiri. Ukifika nyumbani angalia mambo mawili kabla hujaenda kuoga: amekunywa, na amekunya. Asipofanya mojawapo hadi usiku, au akijigeukia kutazama tumbo na kuparapara chini, mpigie daktari usiku huohuo.

Jumatatu ni kutembea na malisho. Joto la mwili lipimwe asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kwa sababu homa ya farasi inaweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza tangu kuumwa na usubi; homa, au uvimbe kwenye vishimo vilivyo juu ya macho, ni simu ya haraka kwa daktari.

Jumanne jioni tandika tena, dakika 25 tu, zoezi moja lililojibu swali lako na hakuna lingine. Sisi hulaza miti minne nyuma ya banda. Saisi anapima kwa futi kamba, anasogeza mmoja kwa mguu, kisha anasimama kwenye kivuli cha mwembe na daftari langu, na kila tukigeuka kushoto anaita neno moja tu: "Kisigino!"